Kazi ya Kuzuga: Inatoka Wapi na Utaitambuaje

Ni malalamiko yanayosikika sana, hasa Jumapili jioni. Mtu ana ajira, mshahara unaingia kwa wakati, lakini anakwambia amechoka moyo kwa sababu anashinda akipanga majedwali ambayo hajui yanakwenda wapi. Wanaomsikia hugawanyika. Kuna wanaomwambia ashukuru Mungu, wangapi hawana hata hiyo. Kuna wanaomwambia aache, atafute anachokipenda. Na kuna wale wakali, ambao kwao kazi zote za mezani ni kuzuga tu. Kazi ni ile inayotoa jasho.

Hakuna anayemuuliza ana tatizo gani hasa. "Kazi yangu haina maana" ni kauli moja iliyobeba malalamiko matatu, na watu hubishana bila kuelewana kwa sababu kila mmoja anazungumzia lake.

Lipo la anayefanya kazi ngumu, chafu au ya kudharauliwa. Mfagizi wa barabara, kwa mfano: barabara ikikaa wiki haijafagiliwa, kila mtu ataona. Huyo hana kazi bure, ana kazi mbaya, na kinachomsumbua ni malipo, heshima na saa za zamu. Lipo la anayefanya kazi yenye faida ya kweli ila faida hiyo hutokea mbali na macho yake. Anahakiki namba za makasha ya dawa kiwandani. Mgonjwa atakayepona hatamwona kamwe. Na lipo la tatu, ambalo ndilo tunalolifuata hapa: shughuli ambayo hata ikikoma leo hakuna atakayeikosa, isipokuwa yule anayekagua kama imefanyika. Hiyo ndiyo kazi ya kuzuga. Mara chache huwa ajira nzima. Mara nyingi ni saa kadhaa zilizojipenyeza ndani ya ajira nzuri tu, kama mwalimu anayependa kufundisha lakini ananakili mahudhurio yaleyale kwenye daftari, kisha kwenye fomu, kisha kwenye mfumo wa kompyuta.

Wafungwa waliozungusha mchanga

Kwamba kazi bure inaumiza si deko la watu wa ofisini. Magereza ya Uingereza ya karne ya 19 yalilijua hilo na yakalitumia. Kulikuwa na mashine iliyotengenezwa mahsusi: ngoma ya chuma yenye mchanga ndani, mpini nje, na kidude cha kuhesabu mizunguko. Mfungwa aliwekwa nayo peke yake, azungushe. Haikusaga nafaka, haikuvuta maji, haikuendesha chochote. Mchanga ulipandishwa juu, ukadondoka, ukapandishwa tena. Katika gereza la Birmingham, miaka ya 1850, idadi iliyopangwa ilikuwa mizunguko 10,000 kwa siku: 2,000 kabla ya kifungua kinywa, 4,000 kabla ya chakula cha mchana na 4,000 kabla ya cha jioni. Asiyetimiza, hapewi chakula. Askari akitaka kumkomoa mtu alikaza skurubu tu, mpini ukawa mzito zaidi.

Wangeweza kumpa kila mfungwa mawe ya kuponda kwa ajili ya barabara, na wapo waliopewa. Kuponda mawe kunachosha mwili vilevile. Mashine ya mchanga iliongeza adhabu nyingine juu ya ile ya mwili.

Mwaka 2008 watafiti Dan Ariely, Emir Kamenica na Drazen Prelec walichapisha jaribio lililogusa jambo hilohilo kwa upole zaidi. Waliwalipa watu waunde vidoli vya Lego, vile vya vipande vya plastiki vinavyopachikana: dola 2 kwa cha kwanza, kisha kila kinachofuata kinalipwa senti 11 pungufu, mpaka mtu mwenyewe aseme basi. Kwa kundi moja, vidoli vilivyokamilika vilibaki mezani vikiongezeka. Kwa kundi jingine, mtu alipokuwa akiunda cha pili, msimamizi alikuwa anabomoa cha kwanza mbele ya macho yake ili ampe vipande vilevile aunde tena. Malipo yaleyale, kazi ileile. Kundi la kwanza liliunda vidoli 10.6 kwa wastani, la pili 7.2. Hakuna aliyekuwa ameambiwa kwamba anaokoa maisha ya mtu. Ni vidoli! Ilitosha kwamba ulichofanya kimebaki.

Ni wangapi wanaozuga?

Hapa ndipo takwimu zinapovuruga watu. Mwaka 2013 mwanaanthropolojia wa Kimarekani David Graeber aliandika insha iliyosambaa sana, akidai kuwa sehemu kubwa ya ajira za kisasa ni bure kiasi kwamba hata wenye ajira hizo, wakisema kweli, wasingeweza kuzitetea. Mwaka 2015 kampuni ya kura za maoni ya YouGov ikawauliza wafanyakazi wa Uingereza kama kazi zao zina mchango wa maana kwa dunia. Asilimia 37 walisema hazina. Namba hiyo bado inatajwa mpaka leo kana kwamba ni ya dunia nzima.

Mwaka 2021 watafiti wa vyuo vikuu vya Cambridge na Birmingham walichapisha uchambuzi wa utafiti mkubwa wa hali za kazi barani Ulaya. Humo, walioona kazi zao hazina manufaa walikuwa asilimia 4.8 tu mwaka 2015, wakati miaka kumi nyuma walikuwa 7.8. Kisha mwaka 2023 Simon Walo wa Chuo Kikuu cha Zurich akachambua majibu ya Wamarekani, akapata asilimia 19.

Nani anadanganya? Hakuna. Waliulizwa maswali tofauti. Ukimuuliza mtu kama anachangia "dunia", umemtajia jambo kubwa mno. Fundi bomba mwadilifu anaweza kujibu hapana huku kila nyumba aliyopita maji yanatoka. Ukimuuliza ni mara ngapi anahisi anafanya kitu chenye manufaa, umemrudisha kwenye siku yake ya kawaida, na jibu linabadilika. Ukikutana na asilimia yoyote kuhusu jambo hili, tafuta kwanza swali lenyewe liliulizwaje.

Ndani ya tafiti hizo mbili kuna jambo linalosema zaidi kuliko asilimia zenyewe. Walo aliona kwamba watu wa fedha na mauzo walikuwa na uwezekano zaidi ya maradufu wa kusema kazi zao hazina faida kwa jamii, kama Graeber alivyobashiri. Lakini ule uchambuzi wa Ulaya uliwakuta wazoa taka na wafanya usafi nao wakiwa juu kwenye orodha, watu ambao wakigoma siku tatu mji mzima unanuka. Hao hawakuwa na kazi bure hata kidogo. Hisia yao iliendana na jinsi walivyosimamiwa: bosi asiyekuheshimu, asiyekusikiliza, anaweza kukufanya uione kazi yenye faida kubwa kuwa takataka. Kwa hiyo dharau huzaa malalamiko yanayofanana kabisa na yale ya kazi ya kuzuga, na mtu anayetaka kusaidia asipotenganisha atampa mfagizi hotuba ya "maana ya kazi" badala ya glavu na nyongeza ya mshahara.

Inavyozaliwa

Hakuna anayeamka asubuhi akaamua kubuni kazi bure. Huota yenyewe.

Mwanahistoria Mwingereza Cyril Northcote Parkinson aliieleza mwaka 1955, nusu kwa utani, kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda uliopo. Watu huikumbuka sentensi hiyo na kusahau ushahidi wake, ambao ndio mtamu. Alichukua takwimu za jeshi la wanamaji la Uingereza. Kati ya mwaka 1914 na 1928, manowari kubwa zilipungua kutoka 62 hadi 20. Wanamaji walipungua kutoka 146,000 hadi 100,000. Maofisa wa makao makuu je? Waliongezeka, kutoka 2,000 hadi 3,569. Meli zinapungua, makaratasi yanaongezeka. Alisema sababu ni mbili: kiongozi aliyezidiwa hupenda kuongezewa wasaidizi wa chini yake kuliko mwenzake wa kugawana naye madaraka, na wasaidizi hao wakishafika huanza kuandikiana madokezo, kuombana maoni na kusahihishana rasimu. Wote wana shughuli kweli. Hakuna mvivu hata mmoja.

Kuna kijitabu ambacho kila mwenyekiti wa kikao angefaa kukisoma. Mwaka 1944, katikati ya vita, shirika la ujasusi la Marekani, OSS, liliwaandikia raia wa nchi zilizokaliwa na adui mwongozo wa kuhujumu. Kuna mambo ya kuharibu mitambo, lakini ukurasa unaochekesha ni wa maofisini. Peleka kila suala kwenye kamati "kwa uchunguzi zaidi", na kamati isiwe na watu chini ya watano. Bishana juu ya maneno kamili ya muhtasari. Rudisha mezani jambo lililokwisha kuamuliwa kikao kilichopita. Hakikisha watu watatu wanaidhinisha kitu ambacho mmoja angetosha. Itisha vikao wakati kuna kazi ya haraka. Yaani majasusi walifikiri namna ya kumlemaza adui bila risasi, wakaandika ratiba ya wiki ya ofisi nyingi unazozijua.

Chanzo cha tatu ni vipimo, na hiki ndicho kinachokua kwa kasi. Kiongozi hawezi kuona kazi yote, anaomba namba. Mwanzoni namba inasaidia. Ikishafungwa kwenye bonasi au kupandishwa cheo, watu wanaanza kuihudumia namba badala ya kazi. Mtoto ana homa, mtu anachukua kipimajoto na kukichovya kwenye maji baridi: kipimo kimeshuka, mtoto anazidi kuungua. Mwanauchumi Charles Goodhart aliligusia hili mwaka 1975 akizungumzia sera za fedha, na leo linaonekana kila mahali, kuanzia idadi ya simu zilizopigwa kwa saa hadi idadi ya mafunzo "yaliyohudhuriwa".

Tatizo si fomu

Mpaka hapa ni rahisi kuhitimisha kwamba makaratasi yote ni upuuzi. Sivyo, na kosa hili lina gharama.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha chumbani mwa upasuaji. Mambo yenyewe ni ya kawaida hata mtu angecheka: huyu ndiye mgonjwa tunayemkusudia? Ni upande gani tunapasua? Kila aliyemo chumbani ametaja jina na kazi yake? Ilijaribiwa katika hospitali nane, kuanzia Toronto hadi Ifakara, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kipande cha karatasi kiliokoa watu.

Kisha jimbo la Ontario, Kanada, likataka hospitali zake zote ziitumie. Utafiti wa mwaka 2014 uliangalia hospitali 101 za huko. Hospitali zenyewe ziliripoti kuwa orodha inajazwa karibu kila mara. Vifo havikupungua kwa kiwango cha kutajika. Wataalamu bado wanabishana kuhusu sababu, ila maelezo yanayorudiwa sana yanaeleweka na yeyote aliyewahi kujaza fomu: kuna tofauti kati ya timu inayosimama na kuulizana, na mtu mmoja anayeweka alama za vema pembeni huku wengine wamekwisha kuanza. Karatasi ni ileile.

Mfano wa pili unakwenda upande mwingine. Mgonjwa wa mwisho wa ndui aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977. Baada ya hapo wahudumu waliendelea kutafuta kwa miaka miwili mizima. Kijiji kwa kijiji, wakiandika: hakuna. Hakuna. Hakuna. Ukimtazama mmoja wao siku moja ungesema anatwanga maji kwenye kinu. Lakini bila rundo lile la "hakuna", dunia isingeweza kutangaziwa mwaka 1980 kwamba ndui imekwisha, na chanjo isingeweza kusimamishwa. Ukaguzi, ulinzi, matengenezo kabla kitu hakijaharibika, utunzaji wa kumbukumbu: kazi hizi zikifanywa vizuri hakuna kinachotokea, na ndiyo maana wajuaji huziita kuzuga.

Kwa hiyo kazi haijulikani kwa sura yake. Inajulikana kwa kumfuata anayeipokea. Chukua taarifa ya wiki, ile ambayo karibu kila ofisi inayo. Alhamisi ofisa wa chini anakusanya namba kutoka kwa wenzake sita, ambao kila mmoja ameacha kazi yake kuzitafuta. Ijumaa msimamizi anabadilisha rangi za jedwali na kuongeza aya mbili. Jumatatu meneja anahamishia kwenye slaidi. Jumanne mkurugenzi anaoneshwa slaidi ya 14 kwa sekunde chache, anasema "sawa", mbele. Sasa uliza: mkurugenzi angefanya nini tofauti kama namba ya slaidi ya 14 ingekuwa nusu yake? Kama jibu ni kwamba angesimamisha ununuzi au angempigia mtu simu, taarifa hiyo ina kazi, hata kama kuiandaa kunachosha. Kama angesema "sawa" vilevile, watu tisa wamezungusha mpini wa mchanga.

Swali hilo linafaa kuulizwa haraka siku hizi, maana akili mnemba imefanya uandishi wa kurasa 20 kuwa jambo la dakika. Mwandishi anaiagiza irefushe, msomaji anaiagiza ifupishe, na katikati hakuna aliyesoma. Chombo hakina kosa. Taarifa ambayo haikuwa na mpokeaji ilipoandikwa kwa mkono haitampata kwa kuandikwa kwa kasi.

Pale mpokeaji yupo ila humuoni

Turudi kwa yule anayehakiki makasha ya dawa. Kwake ushauri wa "tafuta unachokipenda" hauna kazi, maana hana haja ya kuacha. Anahitaji kumwona mtu wa upande wa pili.

Mwaka 2007 mwanasaikolojia Adam Grant na wenzake walichapisha utafiti wa vijana waliokuwa wakipiga simu kuombea chuo kikuu michango. Kazi ya kukatisha tamaa: unakatiwa simu mchana kutwa. Baadhi yao walikutanishwa kwa dakika tano na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa michango hiyo, wakamuuliza maswali, basi. Mwezi mmoja baadaye, muda waliotumia kwenye simu ulikuwa zaidi ya maradufu, na fedha walizokusanya vilevile. Waliobaki hawakubadilika. Hakuna aliyeongezewa mshahara.

Watafiti Amy Wrzesniewski na Jane Dutton nao walizungumza na wafanya usafi wa hospitali moja Marekani. Wenye majukumu yaleyale walijieleza kwa namna mbili tofauti kabisa. Wapo waliosema wanasafisha. Wapo waliosema wanasaidia wagonjwa wapone, na matendo yao yaliendana na maneno: mmoja, katika wodi ya wasiojitambua, alikuwa akihamisha picha za ukutani kutoka chumba hiki hadi kile, labda mabadiliko yatamgusa mgonjwa. Wapo viongozi wanaoipenda sana hadithi hii kwa sababu haiwagharimu kitu. Wasiitumie kukwepa madai ya malipo. Na isitumike pia kuipaka rangi kazi bure: huwezi kujitengenezea maana kwa taarifa isiyosomwa, hata ukitabasamu vipi.

Halafu kuna watu ambao kazi kwao ni mshahara, maana ya maisha wanaipata kwingine, nyumbani, kwenye ibada, kwenye timu ya mtaani. Hao si wagonjwa wa kutibiwa.

Kwa nini hakuna anayesema

Anayeijua zaidi kazi ya kuzuga ni anayeifanya. Mbona hasemi? Kwa sababu anajua kitakachofuata. Akisema kazi yake ya siku tano inamalizika kwa tatu, ataongezewa nyingine ya siku mbili, au nafasi yake itafutwa. Kunyamaza ni hesabu nzuri tu. Hata swali analoweza kumuuliza mkubwa wake kwa adabu, "Bosi, taarifa hii inamsaidia nani kuamua nini, nami niiandae inavyomfaa?", linahitaji uhakika kwamba hataonekana mvivu.

Iceland ilijaribu kuibadilisha hesabu hiyo. Kati ya mwaka 2015 na 2019, manispaa ya Reykjavík na serikali kuu waliwapunguzia wafanyakazi zaidi ya 2,500 saa za kazi kutoka 40 hadi 35 au 36 kwa wiki, bila kuwakata mshahara. Sharti lilikuwa huduma zisishuke. Shule, ofisi za ustawi wa jamii na hospitali zilikuwemo. Sasa muda uliookolewa ulikuwa mali ya mfanyakazi mwenyewe, na vitu vikaanza kuonekana: kikao kilichokuwa kinakula asubuhi nzima kikafupishwa, kingine kikageuzwa baruapepe moja, zamu zikapangwa upya. Sehemu nyingi huduma zilibaki palepale au zikawa bora.